Kisafina Kilichovuka Bahari

Mwishoni mwa mwaka 1954, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mkulima aitwaye Harry Holt na mkewe Bertha walikwenda kutazama filamu iliyoletwa na Bob Pierce, mwanzilishi wa shirika la Kikristo la World Vision. Ilionyesha watoto walioachwa na vita vya Korea. Wengi wao walizaliwa na mama Wakorea na askari wa kigeni, na katika nchi inayohesabu ukoo kwa baba hawakuwa na pa kuwekwa. Akina Holt walikuwa na watoto sita wa kuwazaa. Wakaomba, kisha wakaamua kuchukua wanane zaidi.

Sheria ya Marekani ya wakati ule iliruhusu familia moja kuchukua yatima wawili tu kutoka nje. Seneta Richard Neuberger wa Oregon akapeleka muswada, na mwaka 1955 Bunge likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya nyumba hiyo moja. Harry, ambaye tayari alikuwa na ugonjwa wa moyo, alikuwa amekwisha kwenda Korea. Oktoba akarudi na watoto 12, wanane wake na wanne wa familia nyingine. Mwaka uliofuata kazi yake ikawa shirika.

Mimi pia ni mzazi wa kuasili, na siwezi kuwadharau watu hawa. Harry alifia kulekule Korea mwaka 1964, akazikwa Ilsan, penye makao ya watoto aliyoyajenga. Bertha naye alizikwa hapo mwaka 2000, akiwa na miaka 96. Wataalamu wa ustawi wa jamii walimlaumu Harry kwamba aliuliza kwanza kama wazazi wameokoka, na kwamba aliruhusu watu kuasili kwa niaba, wakamwona mtoto mara ya kwanza uwanja wa ndege. Walikuwa na haki ya kulaumu. Lakini jambo linalonisumbua mimi ni neno moja tu: yatima.

Ili mtoto asafiri, ilibidi awe yatima kwenye karatasi. Korea kila mtu aliandikwa katika daftari la ukoo wake. Mtoto wa kupelekwa nje alifunguliwa daftari lake peke yake, lisilo na baba wala mama, naye akawa mkuu wa familia ya mtu mmoja. Kichanga ambaye hajaota jino, mkuu wa ukoo! Na wengi walikuwa na mama hai. Vita vikapita, viwanda vikajengwa, lakini waliosafirishwa wakazidi kuongezeka: mwaka 1985 peke yake walikuwa zaidi ya 8,000, wengi wao watoto wa wasichana wasioolewa, waliobanwa na aibu na umaskini. Kwa jumla wanakadiriwa kufika 200,000. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitamka kwamba serikali ilivunja haki za watoto hao. Kumbukumbu zilighushiwa, wenye wazazi wakaandikwa kuwa waliokotwa, na wengine wakapewa utambulisho wa mtoto mwingine.

Wazazi waliowapokea, wengi wao Wakristo, hawakusema uongo. Waliambiwa, wakaamini, kwa kuwa waliyoambiwa yalilingana na waliyokuwa wameyaombea. Sisi wahubiri na wasikilizaji tuliwasaidia kuamini. Tumezoea kufananisha kuasili na maneno ya Paulo juu ya kufanywa wana: tulikuwa hatuna kwetu, Baba akatuokota. Kwa Mungu mfano huo unafaa. Mzazi wa kibinadamu akiuvaa, unampwaya, maana unamfanya mwokozi, na mwokozi haulizi mtoto ametoka kwa nani.

Tusome tena Kutoka sura ya 2. Musa hakuwa yatima. Mama yake alimweka katika kisafina kwa sababu ya amri ya mfalme, na dada yake akasimama mbali ili aone yatakayompata. Binti Farao alitambua mara moja kwamba ni mtoto wa Waebrania, wala hakuficha. Alikubali mwanamke wa Kiebrania aitwe amnyonyeshe, kwa ujira. Miaka mingi baadaye Musa aliwatokea ndugu zake akijua ni ndugu zake. Ni watoto wangapi wa Korea walionyimwa hilo?

Binti yetu tulimwasili hapahapa nchini. Ana miaka tisa. Katika faili lake, mahali pa jina la mama pamepigwa mstari tu, nami kwa muda mrefu niliuona mstari ule kama rehema, kwamba hakuna atakayekuja kumdai. Mwaka jana, tukitoka kwenye mazoezi ya kwaya, aliniuliza kama yule mama alikuwa anaimba. Nilimwambia sijui. Tangu hapo, kwenye sala ya jioni tunamtaja, bila jina, baada ya kumtaja bibi.