Njia za Baiskeli Kando ya Mito ya Uluguru

Milima ya Uluguru imesimama kusini mwa mji wa Morogoro. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu na uwanda wa Lukwangule vinapita mita 2,600. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hukutana kwanza na ubavu wa mashariki, kwa hiyo Kinole na Matombo hupata mvua nyingi kuliko mji, na vijito vya huko havikauki hata kiangazi. Mvua ya milima hiyo ndiyo inayoizaa mito mitatu mikubwa ya eneo hili: Ngerengere upande wa kaskazini-magharibi, Ruvu upande wa mashariki, na Mgeta, unaotoka magharibi na kuzunguka kusini mwa mlima. Ngerengere na Mgeta huingia Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Anayetaka kuuzunguka mlima bila kuupanda hana budi kuandamana na mito hiyo. Karibu kila njia ambayo baiskeli hupita leo katika upande huu wa Tanzania ilichaguliwa kwa sababu hiyo, na nyingi zilikwisha kukanyagwa kabla baiskeli yenyewe haijaundwa.

Misafara ya karne ya 19 iliijua kanuni hiyo vizuri. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwezi Juni 1857, walifuata bonde la Ruvu, ambao wakati huo ulijulikana pia kama Kingani, kisha wakapita Dutumi hadi Zungomero, kando ya Mgeta, jirani na Kisaki ya sasa. Zungomero palikuwa mahali pa kupumzika na kununua nafaka kabla ya kuukabili mwinuko wa Usagara. Msafara wa mamia ya watu haukuweza kulala mbali na maji, wala haukuweza kupata chakula ila kwa wakulima wa mabondeni. Mto wenyewe haukubeba shehena, kwani Ruvu una mchanga, mapindi na maporomoko. Katika nchi za Ulaya, njia nyingi za kando ya mifereji zilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mashua, na ndizo waendesha baiskeli wanazozifurahia leo. Uluguru haikuwa na mashua wala farasi. Mbung'o wa mabondeni waliua punda na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na mzigo ukabaki juu ya mwili wa binadamu. Mpagazi mmoja alichukua kilo 30 hivi za pembe, nguo au shanga. Njia ikawa nyembamba, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake.

Baadaye njia ya kaskazini ilipata nguvu zaidi. Hapo ndipo Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, alipojenga mji wenye ukuta wa mawe na minara chini ya mlima, karibu na mto Ngerengere. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 mji huo ulikuwa chini ya binti yake, Simbamwene, na msafara wake ulidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kama misafara mingine. Morogoro ya leo ilikulia katika makutano hayohayo ya maji na njia. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1882, kisha wakafungua kituo cha Matombo upande wa mashariki kabla karne haijaisha.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na upagazi wa masafa marefu ukapoteza maana. Lakini reli ilipita kaskazini tu. Mashariki na kusini mwa mlima watu waliendelea kutembea, mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoipanua njia kwa nguvu. Majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, nayo majeshi ya Wajerumani yakarudi nyuma hadi ng'ambo ya Mgeta. Miezi iliyofuata, shehena za Waingereza zilishushwa katika kituo cha Mikese, zikavuka Ruvu na kwenda Tulo na Dutumi, kwa magari pale palipowezekana na kwa wapagazi pale magari yaliposhindwa na matope. Vifo vya wapagazi wa vita hivyo, wengi wakiwa wameandikishwa kwa lazima, ni msiba ambao barabara za Morogoro zimeujengea kumbukumbu ndogo mno. Barabara ya sasa ya Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha hadi Kisaki inapita katika nchi ileile, na sehemu yake ya kusini haiko mbali na njia ya wapagazi hao.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, na matairi ya upepo ya Dunlop yakafuata mwaka 1888. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia chombo hicho kilienea Tanganyika kupitia maduka ya Wahindi. Katika Morogoro palikuwa na sababu ya ziada: mashamba ya mkonge ya kando ya reli, kutoka Tungi na Pangawe hadi Kingolwira na Ngerengere, yalilipa ujira wa fedha taslimu, na baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo kibarua aliviwekea akiba. Ilikuwa baiskeli nzito ya chuma, yenye fremu ndefu, breki za vyuma na keria imara nyuma. Raleigh ya Uingereza ndiyo iliyokuwa na heshima kuu. Baada ya uhuru zikaja Phoenix ya China na aina za India kama Hero na Avon. Fundi wa kijijini aliongeza vyuma kwenye keria, akaimarisha spoki, na kupiga viraka tyubu ileile mpaka ikawa viraka vitupu.

Chombo hiki kilijibu swali ambalo misafara haikulipatia jibu. Hakina damu ya kunyonywa na mbung'o, wala hakihitaji malisho. Kinapita katika njia ya upana wa mguu, na mtu akikisukuma kwa mkono hubeba maradufu ya mzigo wa mpagazi. Kwa sababu hiyo baiskeli ilirithi njia za bondeni zilivyo, bila kungoja serikali izipanue. Ndizi na matunda ya Kiroka na Mkuyuni yaliteremka hadi mjini kwa keria. Mkaa ulitoka Mikese na Ngerengere, magunia yakiwa yamefungwa kwa kamba za mpira, na mwenye mzigo aliondoka usiku ili afike sokoni kabla jua halijakaza.

Mlima wenyewe ulikataa. Barabara ya Mgeta huachana na barabara kuu ya Iringa karibu na Mzumbe, hupita Mlali katika nchi tambarare, kisha hupanda kwa kona kali kuelekea Langali na Nyandira, penye mashamba ya kabichi, karoti na viazi. Hadi Mlali baiskeli ilikuwa mfalme. Juu yake mboga zilichukuliwa kwa tenga kichwani hadi mahali pa lori, na waliobeba zaidi walikuwa wanawake. Hili ni jambo la kuzingatiwa katika historia yote ya usafiri wa Uluguru: gurudumu liliwapunguzia mzigo wanaume wa bondeni miaka mingi kabla halijamfikia mwanamke wa mlimani. Hata bondeni, baiskeli ilikuwa mali ya mume, naye mke aliendelea kwenda kwa miguu.

Miaka ya 1980 Morogoro ilipata bwawa. Mto Ngerengere ulizuiwa pale Mindu, kando ya barabara ya Iringa, ili kuupatia mji na viwanda vyake maji. Bwawa likaleta wavuvi, na wavuvi wakaleta wachuuzi wa samaki wa baiskeli. Njia ya kutoka mjini kupita Mindu hadi Mzumbe haina mpando mkali, na mlima unaonekana upande wa kushoto muda wote. Hatari yake ni malori, kwa kuwa hiyo ndiyo barabara ya kwenda Zambia.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zilifurika, na bodaboda wakachukua abiria pamoja na sehemu kubwa ya mizigo, hata ile ya Mgeta ambayo baiskeli haikuiweza. Soko kuu jipya la Morogoro, lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu, cheo cha watemi wa Waluguru wenye makao Kinole, hupokea mazao mengi kwa pikipiki na magari. Baiskeli imebaki kwa mkaa, kwa wachuuzi wa maji na kwa wakulima wa vijiji vya karibu. Wakati huohuo wameongezeka waendeshaji wa kujifurahisha, wenyeji na wageni, wanaokwenda Mindu, Kiroka au Matombo kwa baiskeli zenye gia.

Matumizi haya mapya yanategemea ukingo wa mto na bwawa kulindwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, kwa hiyo mashamba na majengo hayaruhusiwi kuukaribia ukingo wa Mindu. Ukanda huo ukilindwa, matope hayatalijaza bwawa upesi, na kijia chembamba cha wavuvi na wenye baiskeli kitaendelea kupitika.