Kazi Isiyo na Mshahara: Wataalamu wa Kiswahili, Vyama Vyao na Wasemaji wa Jego

Jego ni kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, katika Kwale, jirani na Vanga na mpaka wa Tanzania. Afikaye huko husikia Kidigo, Kivumba na Kiswahili cha shuleni vikipokezana katika mazungumzo ya baraza moja. Mwandishi wa makala haya alipokwenda huko kuuliza majina ya pepo na ya mitego ya samaki, mzee mmoja alimjibu kwa subira tangu asubuhi hadi alasiri, kisha naye akauliza lake: waliokuja zamani kuyauliza maneno haya waliyapeleka wapi? Swali hilo halijibiki bila ya historia.

Madhumuni ya makala haya ni kuitazama historia hiyo kwa ufupi, ili kuonyesha faida azipatazo mtaalamu anayejitolea katika chama cha taaluma yake, na kuuliza ni nani hasa aliyezipata.

Mnamo Juni 1928 mkutano wa nchi za Afrika Mashariki ulikutana Mombasa, ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya mji ule ule uliowakaribisha wajumbe, kiliachwa. Kivumba cha Vanga na Wasini hakikuwa hata na mtetezi. Kutokana na uamuzi huo ilizaliwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake.

Kamati hiyo haikuwa chama kwa maana kamili, kwa kuwa iliundwa na serikali za kikoloni. Hata hivyo ilikuwa na sura ya chama katika jambo moja kubwa: wajumbe wake wengi walikuwa na kazi zao nyingine. Walikuwa maofisa wa elimu, wamisionari na walimu, ambao waliisoma miswada ya vitabu, wakajibu maswali ya msamiati na kuliandikia jarida la Kamati. Ilipohama Dar es Salaam kwenda Nairobi mwaka 1942, ikaenda Makerere mwaka 1952, ikapita Mombasa na kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, jarida lile halikufa. Lilibadilisha majina, na tangu 1970 laitwa Kiswahili. Ofisi yaweza kuhamishwa kwa amri moja, lakini mazoea ya watu kuandikiana na kusahihishana hayahamishwi kwa amri.

Katika kipindi cha Makerere ndipo lahaja zilizoachwa mwaka 1928 zilipoanza kurudi mezani. Mfululizo wa Kamati juu ya lahaja ulianza na kitabu cha W. H. Whiteley juu ya Kimtang'ata (1956), ukafuatwa na cha H. E. Lambert juu ya Kivumba (1957). Lambert, aliyekuwa ofisa wa utawala nchini Kenya, aliandika pia juu ya Chichifundi (1958), lahaja nyingine ya pwani hiyo hiyo. Yafaa tuzingatie jambo hili: chombo kilichoundwa ili kusanifisha lugha ndicho kilichokuja kuwa hifadhi ya lahaja, na kilifika hapo kwa sababu ya watu walioipenda kazi kupita walivyoagizwa.

Basi faida za kujitolea ni zipi? Kwanza, mtaalamu hupata wasomaji walio tayari kumkosoa. Orodha ya maneno iliyofungiwa kabatini haina kosa, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Pili, hupata ujuzi usiofundishwa darasani: kuhariri kazi ya mwingine bila ya kuiua sauti yake, kuendesha mkutano, kukubali kushindwa kwa hoja. Mwandishi wa makala haya alipata shahada yake ya pili ng'ambo, lakini kuhariri alikujifunza katika kamati ya chama, akisoma miswada ya watu usiku. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayejitolea huwapo pale mambo yanapoamuliwa. Waafrika walikaa miaka mingi bila ya viti katika Kamati ile, na lugha yao ikawa inaamuliwa nao hawapo. Walipoingia watu kama Shaaban Robert, mzungumzaji wa lugha hakuwa tena mtoa mifano tu, alikuwa mjumbe.

Hapa ndipo penye ila. Kazi isiyo na mshahara huwezekana kwa yule mwenye mshahara mahali pengine. Hakuna sarufi ya lahaja isiyotoka vinywani mwa wasemaji. Nao pia walijitolea, tena kwa siku walizoziacha mashua na makonde. Lakini tunapoitaja kazi juu ya Kivumba, twasema Lambert, 1957, na hapo twakoma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wavumba walicheza kwao, akatunzwa mgeni.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika mwaka ule ule wa 1928, ilijengwa kwa mifano iliyokusanywa na wasomaji wengi wa kujitolea, hasa baada ya mwito wa James Murray wa mwaka 1879. Majina ya wasomaji hao yalichapishwa pamoja na kamusi. Kutaja jina si gharama kubwa, nako humgeuza msaidizi kuwa mshiriki.

Tangu Chama cha Kiswahili cha Taifa (CHAKITA) kilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1998, tunacho chombo chetu wenyewe, wala hatuwezi tena kuilaumu serikali ya kikoloni. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na kuitaka dola ikuze lugha za wenyeji. Mwandishi ana maoni matatu. Vyama vyetu viwakubali wasemaji wa lahaja kuwa wanachama, si watoa habari. Kila kitabu kilichotokana na kijiji kirudi kijijini kabla ya kufika maktaba za ng'ambo. Na idara zetu ziihesabu kazi ya chama katika kumpandisha mhadhiri cheo, ili kujitolea kusiwe anasa ya waliokwisha kupanda.

Yule mzee wa Jego hakuomba malipo. Alitaka kujua maneno yake yako wapi. Iwapo safari ijayo tutamjibu kwa kumkabidhi kitabu chenye jina lake, tutakuwa tumemlipa kwa sarafu ile ile tunayolipana sisi kwa sisi katika vyama vyetu.