Kunasa konsoli

Kunasa konsoli ni kuyachukua maandishi ambayo mashine pepe moja inayatoa kwenye konsoli yake, ndani ya kompyuta kuu, na kuyafikisha kwa mashine pepe nyingine. Mbinu hii ilikomaa katika mifumo ya VM ya IBM, kuanzia VM/370 iliyotangazwa mwaka 1972 hadi z/VM ya leo. Hapa kwetu, kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Lakini 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mafundi wetu wakafungiwa mlango wakati fani hii ndiyo kwanza inachipua, na hasara hiyo haikuwa ndogo.

Katika mifumo hiyo ya VM, programu iitwayo CP huigawa kompyuta moja iwe mashine pepe nyingi, kila moja na konsoli yake. Nyingi kati yake hufanya kazi zikiwa zimetenganishwa na skrini, hakuna anayezitazama. Zikilalamika wakati huo, maneno yao hupotea, isipokuwa yamewekewa mtegaji.

Mwenye fremu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akienda kuswali humwambia jirani, "Niangalizie hapo." Amri ya SET SECUSER hufanya hivyohivyo. Mashine ikishatenganishwa, kila mstari wake hutokea papo hapo kwenye konsoli ya jirani aliyetajwa, ukitanguliwa na jina la mashine na nukta mbili, hivyo anayeangalizia kumi hachanganyikiwi. Jirani huyo anaweza pia kuijibu kwa amri ya SEND. SET OBSERVER ni tofauti: mtazamaji hupokea maandishi hata mwenye mashine akiwapo.

SPOOL CONSOLE, kwa upande wake, huyaandika maneno kwenye faili la foleni, ambalo humfikia mpokeaji likishafungwa. Ni daftari zuri la kumbukumbu, lakini halimwamshi mtu usiku. Fundi makini hutumia yote mawili, jirani na daftari.

Anayetaka programu isome badala ya binadamu huunganisha mashine pokezi na huduma ya mfumo iitwayo *MSG, kila mstari ukaingia kama data.

Hata kukaa kimya kuna hatari: kwa kawaida, mashine iliyotenganishwa, isiyo na jirani, ikisubiri jibu kwenye konsoli yake, CP huiondoa kwenye mfumo baada ya dakika 15.