Kupima muda kwa lugha ya C: Kwa nini saa ya kawaida haifai

USIKU wa kuamkia Januari 1, 2017, muda mfupi kabla ya kutimia saa tisa za usiku kwa saa za Kenya, sekunde moja iliongezwa kwenye saa rasmi za dunia. Katika mitambo ya kampuni ya Cloudflare, programu iliyokuwa ikipima muda wa kupata majibu ilipata hesabu iliyo chini ya sifuri, ikakwama, na baadhi ya maombi ya anwani za tovuti yakakosa majibu.

Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya Go, lakini mtego ulioinasa ndio uleule unaowasubiri waandishi wa lugha ya C.

Kiini cha tatizo ni kwamba tarakilishi huwa na saa za aina mbili. Ya kwanza hueleza ni saa ngapi, nayo huweza kurekebishwa mbele au nyuma wakati wowote. Ya pili huhesabu tu muda unaopita, wala hairudi nyuma kamwe. Anayetaka kujua kazi imechukua muda gani hana budi kutumia hii ya pili.

Amri ya time(), ambayo imo katika C tangu zamani, husoma saa ya kwanza na kwa kawaida hutoa sekunde nzima pekee. Nayo clock() huwapotosha wengi. Kwa mujibu wa kanuni za lugha, hupima muda ambao prosesa imeitumikia programu. Programu ikilala kwa sekunde tano, katika Linux jibu huwa karibu na sifuri, ilhali katika Windows huwa takriban sekunde tano.

Mwaka 2011, kanuni za C11 zilileta timespec_get(), yenye uwezo wa kutaja sehemu ndogo mno za sekunde. Hata hivyo, TIME_UTC, msingi wa pekee uliowekwa na kanuni hizo, ni saa ileile inayorekebishwa. Kanuni za C23, zilizochapishwa mwaka 2024, ziliongeza TIME_MONOTONIC, lakini si lazima kila mfumo uwe nayo.

Kwa hivyo, njia ya kutegemewa ni kuuliza kila mfumo kwa lugha yake. Katika Linux na jamaa zake, hutumiwa clock_gettime() pamoja na CLOCK_MONOTONIC. Tarakilishi za Apple zilipata amri hiyo katika macOS 10.12 ya mwaka 2016. Kabla ya hapo ilitumika mach_absolute_time(). Katika Windows, QueryPerformanceCounter() hutoa idadi ya mapigo, nayo QueryPerformanceFrequency() hutaja mapigo ya kila sekunde.

Hapo pana hatari nyingine. Mwandishi akizidisha mapigo kwa bilioni moja kabla ya kugawanya, namba ya biti 64 yenye alama hufurika upesi. Mapigo yakiwa milioni 10 kwa sekunde, dakika 15 na ushei zatosha. Dawa ni kutenga sekunde nzima kwanza, kisha kushughulikia masalio.

Aidha, GetTickCount() ya Windows yafaa kuepukwa, kwa kuwa hurudi sifuri kila baada ya siku 49.7. GetTickCount64() haina kasoro hiyo.

Tofauti hizi zote hufichwa ndani ya faili moja ndogo yenye amri moja, ambayo huchagua njia ifaayo kwa kutazama kama _WIN32 imetajwa. Sehemu nyingine za programu huita amri hiyo pekee, mwanzoni na mwishoni mwa kazi, kisha hutoa hesabu ya kwanza kutoka kwa ya pili.

Jambo la mwisho la kuangaliwa ni tarakilishi inapolazwa. Katika Linux, CLOCK_MONOTONIC haihesabu muda huo, lakini hesabu ya Windows huujumuisha. Anayeutaka katika Linux hutumia CLOCK_BOOTTIME.