Kaliba za risasi na maana yake katika mitaa ya Eastlands

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataja namba mbili ambazo wengi huzisikia bila kujua maana yake: 7.62 na 5.56. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinapiga marufuku umiliki, ununuzi na uuzaji wa bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe za kaliba hizo. Kwa mkazi wa Mathare, Huruma, Dandora au Kariobangi, tofauti ya namba hizo inaweza kuamua risasi iliyofyatuliwa kichochoroni itakomea wapi, na baadaye kumsaidia mpelelezi kujua ilitoka katika bunduki gani.

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu. Katika bunduki za kisasa hupimwa kwa milimita, ingawa Waingereza na Wamarekani walizoea inchi, 7.62 si kingine ila inchi 0.30. Kwa kawaida namba hiyo hufuatwa na nyingine inayoonyesha urefu wa ganda linalobeba baruti. Ndiyo maana huandikwa 7.62x39, 7.62x51 na 5.56x45.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akisema tu kwamba risasi iliyopatikana ni ya 7.62, hajasema jambo kubwa. AK-47 na G3, bunduki mbili zilizojulikana sana nchini Kenya, zote ni za 7.62, lakini risasi ya moja haiwezi kutumika katika nyingine. Ganda la G3 ni refu kwa milimita 12 na linabeba baruti nyingi zaidi. Hata kipenyo cha kichwa cha risasi hakilingani sawasawa: cha AK-47 ni takriban milimita 7.9 na cha G3 ni 7.8.

Risasi ya AK-47, yaani 7.62x39, ilibuniwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kichwa chake kina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya takriban juli 2,000. Wabunifu walikusudia risasi ya wastani: nyepesi kuliko ile ya bunduki kubwa za zamani ili askari abebe nyingi, na yenye nguvu kuliko ya bastola.

Risasi ya G3, yaani 7.62x51, ilikubaliwa na nchi za NATO mwaka 1954. Kichwa chake ni cha gramu 9.5 na kasi yake ni mita 800 kwa sekunde au zaidi kidogo, hivyo nguvu yake hupita juli 3,000. Ikielekezwa juu inaweza kuanguka zaidi ya kilomita 3 kutoka ilipofyatuliwa. Mathare na Eastleigh zinatenganishwa na Barabara ya Juja tu. Risasi kama hiyo inaweza kuvuka mitaa yote miwili na kuendelea. Polisi wa Kenya walibeba G3 kwa miaka mingi katika mitaa ya jiji, ingawa iliundwa kwa vita vya uwanja wazi. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba haikufaa mahali penye msongamano kama huo.

Ya tatu, 5.56x45, ndiyo ya bunduki za jamii ya M16 na M4. Ni nyembamba, yenye kichwa cha gramu 3.5 hadi 4, lakini kasi yake hupita mita 900 kwa sekunde. Nguvu yake ni takriban juli 1,750. NATO iliikubali kuwa kaliba yake ya pili mwaka 1980. Udogo wake usimdanganye mtu. Ikipiga mwili kwa karibu hupinduka na huweza kupasuka vipande, na jeraha likawa pana ndani huku tundu la nje likiwa dogo. Ile ya kawaida ya AK-47, yenye kiini cha chuma, aghalabu hupita moja kwa moja kwanza kabla ya kupinduka. Kwa kulinganisha, risasi ya bastola ya milimita 9 ina nguvu ya juli 500 tu.

Bunduki hizi huitwa za kujipakia kwa sababu nguvu ya risasi inayotoka hulitupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Kila kifyatulio kikivutwa, risasi moja hutoka. Nyingi za kivita, AK-47 na G3 zikiwemo, zina swichi inayoziruhusu pia kumimina risasi mfululizo.

Katika Eastlands, swali la kaliba huishia kwenye ukuta. Nyumba nyingi za Mathare ni za mabati, na bati haliwezi kuzuia hata risasi ya bastola, sembuse ya bunduki. Ukuta wa mawe una nafasi kubwa zaidi ya kuizuia, lakini risasi ikigonga jiwe au chuma kwa pembe hugeuka na kwenda upande usiotarajiwa. Katika majengo ya ghorofa, roshani hukaa wazi juu ya barabara. Agosti 2017, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, msichana mdogo aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani huko Mathare. Machi 30, 2020, mvulana wa miaka 13 aliuawa vivyo hivyo katika roshani ya ghorofa ya tatu huko Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji hayo Juni 2020.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi. Katika hesabu kama hiyo, ganda tupu ni shahidi asiyesahau. Kitako chake huwa na chapa ya kiwanda, na mara nyingi mwaka. Kenya ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1997. Utafiti wa shirika la Small Arms Survey la Geneva, uliotolewa 2008, ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini zilitoka katika kiwanda hicho, na zilifanana na zile za polisi wa eneo hilo. Kwa hivyo chapa humwonyesha mpelelezi aliyetengeneza risasi, wala haimthibitishii aliyeifyatua.

Kwa hilo huangaliwa alama nyingine. Pini ya bunduki huacha kishimo katika kitako cha ganda, na mifereji ya ndani ya mtutu huchora mistari kwenye kichwa cha risasi. Alama hizo hulinganishwa na za bunduki inayoshukiwa. Ganda la G3 lina siri yake zaidi: chumba cha risasi cha bunduki hiyo kina vijifereji, na hivyo ganda hutoka na mistari ya masizi ubavuni ambayo hata jicho la kawaida huiona.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aripoti kwa mkubwa wake kila anapotumia bunduki, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Kukitokea kifo au jeraha baya, Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi lazima ijulishwe. Wakati huo wa kusubiri ndio maganda hupotea, watoto wakiyaokota kwa kuchezea au wapita njia wakiyatia mfukoni. Mahali ganda lilipoangukia huonyesha mpigaji alisimama upande gani. Likishaondolewa hapo, maabara inaweza bado kusema ni kaliba gani na bunduki ipi, lakini haiwezi tena kuonyesha alikosimama.