Kuchora na Kutia Rangi Katika Kufundisha

Wako walimu wanaoihesabu kazi ya kuchora na kutia rangi kuwa mchezo wa saa ya mwisho. Sisi twasema sivyo, na habari za kale zatuunga mkono.

Katika bonde la Kilombero, mama asukaye mkeka wa ukindu huhesabu chane zake, zipi za rangi na zipi nyeupe. Akikosa moja, ua lote hupotoka. Binti aketiye karibu naye hujifunza hesabu kwa rangi, bila ubao wala chaki.

Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba elimu katika Afrika ilinganishwe na kazi na desturi za wenyeji. Katika miaka ya 1930 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, na Sam Ntiro wa Machame, mmoja wa wanafunzi wake, akachora maisha ya watu wa kwao. Tena mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliionya shule isimtenge mtoto na jamaa zake.

Basi mwalimu wa Ifakara asiseme hana vyombo: mkaa na udongo mwekundu vyatosha. Mtoto auchore mto Kilombero hata ukutanapo na Luwegu na kuwa Rufiji. Hiyo ndiyo jiografia. Kisha amchore mbu tangu yai hata apatapo mbawa. Mkono uchorao hulilazimisha jicho kutazama, naye atafahamu kwa nini maji yaliyotuama karibu na nyumba yao hayana budi kumwagwa.