Kanjo, matatu na taniboi: Historia iliyomo vinywani mwa madereva

Umewahi kuabiri matatu ya Kaptembwo kutoka katikati ya jiji la Nakuru? Huenda ulimsikia makanga akipaza sauti: "Dere, kanjo hao!" Dereva akakata kona, nawe ukabaki kushangaa. Wapo walimu wenzangu ambao wakisikia hayo hulalamika kuwa Kiswahili kinaharibiwa. Mimi husikia historia.

Chukua hilo neno kanjo. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya baraza, yaani lile baraza la mji ambalo askari wake waliwahangaisha wachuuzi na wenye matatu. Mabaraza hayo yalikoma mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Nakuru nayo ikatawazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021. Baraza limekufa, kanjo yu hai!

Ndivyo ilivyo kwa matatu. Jina hilo lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Leo nani atakubebea senti thelathini? Hata vijana walipoligeuza jina hilo kuwa "mathrii", ile tatu haikuwatoka.

Kwenye malori yanayopita Nakuru yakitoka Mombasa kuelekea Malaba, msaidizi wa dereva ni taniboi. Neno hili pia ni la Kiingereza, na mkiani limebeba "boi", jina ambalo mkoloni alimwita mwanamume mzima wa Kiafrika, hata mwenye mvi. Watanzania humwita utingo. Sisi utingo tumempa kazi ya matatu. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka wa 1963, lakini dharau yake tungali tunaitamka, tena bila kujua.

Hali hii si ya kwetu pekee. Nchini Marekani, baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, kasi barabarani iliwekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Madereva wa malori wakawa wanaonyana kwa redio za CB. Polisi walimwita "Smokey", kwa kuwa kofia yake ilifanana na ya dubu wa matangazo ya kuzuia moto wa misituni. Misimu hiyo ilikusanywa, kamusi zikachapishwa.

Madereva wetu wao walionyana kwa mdomo, kwa ishara za mkono na kwa kumulikiana taa. Mzee akistaafu, msamiati wake unastaafu naye, akizikwa, unazikwa. Basi, mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali. Aende steji ya Kaptembwo na daftari, amnunulie dereva mkongwe chai, amuulize: enzi zenu, askari mlimwitaje? Na kwa nini?